Aproni umevaa, beji bado inasoma juu: kutafuta mionzi inapopitia thieta

Mwongozo huu ni wa wanaosimama karibu na mashine ya eksirei inapowaka: madaktari wa mifupa na C-arm yao (mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C), wa moyo na mishipa kwenye chumba cha katheta, wa mkojo wanaofukuza mawe ya figo, wa nusukaputi, wauguzi, na sisi radiografa tunaoendesha mashine na kulaumiwa picha ikiwa mbaya. Nimeupanga kwa malalamiko yanayorudi kila majibu ya beji, kile kipimo kidogo cha mionzi tunachovaa mwilini, yanapofika kutoka maabara. Kwa Mombasa nimeongeza mambo ya joto, unyevu na umeme, kwa sababu vitabu vingi vya mashine hizi vimeandikwa na watu wasiojua kaskazi ni nini.

Kabla ya dalili yoyote, shika jambo hili. Mionzi inayokufikia haitoki moja kwa moja kwenye tyubu, sehemu ya mashine inayotengeneza mionzi. Inatoka kwa mgonjwa. Miale ikimwingia, sehemu yake hutawanyika kila upande, na yeye anakuwa kama karabai iliyowekwa katikati ya chumba. Kwa makadirio ya kazini, aliye mita moja kutoka kwa mgonjwa hupata kama sehemu moja kwa elfu ya mionzi inayoingia kwenye ngozi ya mgonjwa. Akirudi hadi mita mbili, hiyo nayo inashuka hadi robo. Kwa hiyo ukitafuta chanzo cha tatizo, uliza kwanza kama mgonjwa anapewa mionzi mingi kuliko inayohitajika, kisha umesimama wapi, kisha kuna nini kati yako na yeye. Aproni ya risasi (madini mazito yanayozuia mionzi) inajibu swali la mwisho tu, na wengi wetu tunaanzia hapo na kuishia hapo.

Mambo ya kusimamisha kazi papo hapo

Haya hayangoji ripoti. Mashine ikiendelea kutoa mionzi baada ya mguu kuondoka kwenye pedali, bonyeza kitufe chekundu cha dharura, mtoe mgonjwa salama, na usiiwashe tena hadi fundi aje. Pedali ikiloa damu au maji ya dripu ikaanza kuwaka yenyewe, ni hivyo hivyo. Mashine ikigongwa ikaanguka, au kifuniko cha tyubu kikipasuka, au ukiona mafuta yakivuja karibu na tyubu, ichomoe, ibandike karatasi ya "usitumie" na umwite fundi. Usifungue kifuniko mwenyewe, hata kama umewahi kumwona fundi akifungua: ndani mna umeme wa maelfu ya volti.

Beji ya nje (ya juu ya aproni) imeruka, ya wenzangu iko palepale

Sababu inayoongoza ni kwamba beji haikuwa mwilini. Ilibanwa kwenye aproni, aproni ikatundikwa ndani ya chumba, na kazi za wengine zikaendelea mchana kutwa. Beji haijui iko kifuani au ukutani, inahesabu tu. Angalia kwanza aproni zinatundikwa wapi. Kisha fungua daftari la kazi ulinganishe: kama kipindi hicho ulikuwa likizo nusu yake na beji imesoma mara tatu, jibu unalo. Dawa yake ni ubao wa misumari nje ya chumba, mbali na mionzi, pale pale inapokaa beji ya kulinganishia, isiyovaliwa na mtu. Ukivua aproni, beji inatoka nayo.

Ya pili ni kubadilishana. Anayefanya kazi za aina hii anatakiwa awe na beji mbili: moja nje ya aproni usawa wa kola, upande wa kushoto kwa wale ambao mgonjwa na tyubu huwa kushotoni mwao, na nyingine chini ya aproni, kifuani au kiunoni. Zikipishana, ripoti inaonyesha kwamba ndani ya aproni kuna mionzi mingi kuliko nje, jambo ambalo haliwezekani kwa aproni yoyote. Zungushia ya nje utepe mwekundu na uandike "NJE" kwa kalamu ya wino mzito. Hata aliyekesha zamu ya usiku hatakosea.

Ya tatu, isiyo ya mara kwa mara: ulipigwa picha wewe mwenyewe ukiwa umeivaa, au ulipewa dawa yenye mionzi kwa uchunguzi wa moyo, mifupa au tezi ya koo. Waliopewa dawa hizo wanatoa mionzi wenyewe kwa muda, na beji inawapima wao badala ya kazi yao. Mwambie afisa wa usalama wa mionzi kabla hujarudi kazini na beji.

Hizo tatu zikitoka, basi kipimo ni cha kweli: kazi zimeongezeka, au zimekuwa ngumu zaidi, au kuna kinga iliyokuwa ikitumika ambayo haitumiki tena. Nenda kwenye sehemu ya namba za mashine, na ya macho inayoeleza kioo cha darini (kioo cha kinga kinachoning'inia kutoka juu), hapa chini.

Onyo moja. Usikubali kipimo kifutwe kwa kuandikwa "hitilafu ya beji" kabla ya mtu kukaa na wewe na kuuliza maswali haya. Kukifuta ni rahisi sana, na kesho kutwa hutakuwa na la kuonyesha.

Beji inasoma sifuri kila kipindi, na kazi nafanya kila siku

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko lile la kwanza, na hakuna anayelilalamikia. Sifuri inamfurahisha kila mtu.

Sababu ya kwanza inajulikana na wote: beji iko kwenye droo. Wengine wanaiacha kwa kusahau. Wengine wanaiacha makusudi, wakihofu kwamba ikisoma juu watatolewa kwenye orodha ya kazi na posho ipungue. Hofu hiyo si ya kijinga, na mkubwa wa idara anayeitaka beji ivaliwe lazima aiondoe kwanza. Aseme waziwazi kwamba kipimo kikubwa kitaleta uchunguzi wa chumba na namna ya kufanya kazi, si adhabu. Mahali ambapo daktari anagombezwa kwa sababu ya beji yake, beji zote zitasoma sifuri ndani ya miezi michache.

Ya pili ni kuvaa moja tu, nayo chini ya aproni. Aproni ya milimita 0.5 za risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika, kwa hiyo kinachobaki ndani huenda kisifikie kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kupima. Sifuri hiyo ni ya kweli kwa kifua, lakini haisemi lolote kuhusu macho, koo na mikono ambayo haikuwa chini ya aproni.

Ya tatu ni joto. Beji za TLD huhifadhi kumbukumbu ya mionzi ndani ya fuwele, na maabara huisoma kwa kuipasha moto. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, mchana kutwa, mwezi wa Februari, unaanza kuifanyia kazi maabara. Za filamu huumizwa zaidi, na unyevu nao unaziharibu. Beji ilale kazini, kwenye ubao wake. Isipande matatu, isivuke feri ya Likoni, isifuliwe pamoja na sare.

Cha kufanya: linganisha na anayefanya kazi kama yako. Madaktari wawili wanaogawana orodha moja, mmoja ana kipimo na mwingine hana kwa vipindi vitatu mfululizo, si bahati. Afisa wa usalama apite chumbani siku ya kazi bila taarifa, ahesabu beji vifuani.

Beji ya ndani inakaribia ya nje

Ukishahakikisha hazikupishana, shuku aproni.

Kwanza, imevaliwaje? Aproni ya mbele tu haimlindi anayegeuka kila mara kuchukua vifaa mezani, na muuguzi anayezunguka chumbani huenda mgongo wake ukamwelekea mgonjwa kwa robo ya kazi nzima. Huyo anahitaji ya kuzunguka mwili. Angalia pia kwapani. Aproni kubwa juu ya mtu mwembamba inaacha dirisha pale, na kwa mwanamke dirisha hilo linafunguka juu ya titi. Velkro iliyochoka ikafungwa kwa bendeji ni ishara tosha kwamba aproni hiyo haikai inapotakiwa.

Pili, imepasuka? Mpira wenye risasi ulio ndani hauonekani kwa nje, na kitambaa kinaweza kuwa kizima huku ndani pamekatika mstari mzima. Nyufa hupenda kutokea mahali pamoja: mkunjo wa kiunoni, pale inapolazwa juu ya mgongo wa kiti baada ya kazi. Itandaze juu ya meza, uipapase kwa kiganja kipande kwa kipande. Ukihisi uvimbe, mkunjo mgumu au sehemu iliyoteremka hadi kwenye pindo, itenge.

Uchunguzi wa uhakika ni wa kuitazama kwa mionzi, angalau mara moja kwa mwaka na kila inapoanguka au kushukiwa. Ilaze mezani, usiishike mkononi. Anayechunguza avae aproni nyingine iliyo nzima. Hapa kuna mtego: mashine ikiona risasi mbele yake hudhani imepewa mgonjwa mnene sana, nayo inapandisha nguvu hadi mwisho. Zima marekebisho ya kujiendesha, weka nguvu ndogo kwa mkono, piga vipande vifupi vifupi. Ukiwa na CT, picha ile ya kutafutia mahali inatosha, na inaonyesha aproni nzima kwa pigo moja huku umekaa nyuma ya kioo. Andika namba ya aproni, tarehe na ulichokiona. Ufa ulio mbele ya tumbo, kifua au tezi ya koo unaitoa aproni kazini. Usiishone wala kuibandika gundi.

Aproni iliyokataliwa haitupwi jaani, maana ndani yake mna risasi. Mkabidhi afisa wa usalama.

Kuhusu unyevu wetu: aproni inayotundikwa na jasho lake kwenye kabati lisilopitisha hewa huota ukungu, na watu hukimbilia dawa ya klorini. Klorini kali inakausha kitambaa na kukipasua mishononi. Sabuni laini, maji kidogo, kitambaa, kisha itundikwe kwenye hanga pana penye feni, mbali na dirisha lenye jua.

Macho: ukungu, mwanga unaochoma, au daktari wa macho ametaja mtoto wa jicho

Zamani lenzi ya jicho iliruhusiwa milisieverti (kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili) 150 kwa mwaka. Aprili 2011 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ilipendekeza kikomo hicho kishushwe hadi 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, bila kupita 50 katika mwaka wowote. Walishusha kwa sababu ushahidi ulionyesha mtoto wa jicho unaanza kwa mionzi midogo kuliko ilivyodhaniwa, na vipimo vya macho vilivyofanywa chini ya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, viliwakuta madaktari wa moyo na wauguzi wao wakiwa na ukungu nyuma ya lenzi zaidi ya watu wasiofanya kazi hiyo. Anayekwambia macho hayana neno alisoma kitabu cha zamani.

Sababu kuu ni kioo cha darini kisichotumika. Kipo, kimefungwa plastiki safi, kimesukumwa ukutani kwa sababu "kinanizuia mkono." Kikiwekwa vizuri kinaweza kukata mionzi ya kichwani mara kumi au zaidi, na hakina uzito wowote mwilini mwako. Kuwekwa vizuri ni hivi: kisogezwe karibu na mgonjwa na karibu na kipokezi cha picha, ukingo wake wa chini uguse au ukaribie mwili wake, na wewe umtazame mgonjwa kupitia kioo. Kikiwa mbali naye na karibu nawe, mionzi inapita chini yake na kukupanda usoni. Mashine ikigeuzwa pembe, kioo nacho kinahamishwa. Nimeona chumba ambacho kioo kiko kizuri kwa pembe ya kwanza na hakiguswi tena hadi mgonjwa anashonwa.

Sababu ya pili ni tyubu kuwa juu ya meza. Mtawanyiko ni mwingi zaidi upande mionzi inapoingilia mwilini kuliko upande inapotokea. Tyubu ikiwa chini, mwingi unaelekea sakafuni na miguuni, ambako pazia la risasi la meza linaungoja. Ikiwa juu, unapanda usoni. Kwenye thieta za mifupa C-arm hugeuzwa juu chini ili kiungo kilazwe juu ya kipokezi kama meza. Kwa mkono au kifundo huenda daktari akawa na sababu yake, lakini kwa nyonga na uti wa mgongo isiwe mazoea. Kwa picha ya ubavuni, simama upande wa kipokezi, si wa tyubu.

Tatu, miwani. Iliyo na vioo vya mbele tu inapitisha mionzi ubavuni na kwa chini, kwa sababu wewe unatazama skrini huku mgonjwa yuko pembeni na chini yako. Tafuta yenye kinga za pembeni na inayokaa vizuri usoni. Hata hivyo usiitegemee peke yake. Kwa kawaida inapunguza kiasi cha nusu au zaidi kidogo. Sogeza skrini iwe mbele yako kabisa, uone tofauti.

Ukiwa tayari unaona ukungu, duru kuzunguka taa, au mwanga wa gari la mbele unakuchoma usiku, mwone daktari wa macho na umtajie kazi yako, kwa sababu mahali ukungu ulipo kwenye lenzi ndipo panapomsaidia kujua. Usingoje uchunguzi wa mwaka.

Vidole: beji ya pete iko juu, kucha zinakatika, ngozi imekauka

Kikomo cha mikono na ngozi ni milisieverti 500 kwa mwaka. Kinaonekana kikubwa hadi mkono uingie kwenye miale yenyewe, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Kwa madaktari wa mifupa sababu ya kwanza ni kushikilia mfupa huku picha ikipigwa. Mji huu una bodaboda, na kila wiki kuna miguu na mikono ya kunyoosha. Angalia picha zilizohifadhiwa za kazi za mwezi uliopita. Ukiona vidole vya mtu vimetokea kwenye fremu, na pete yake ya ndoa pia, huhitaji beji kukuambia. Dawa: shikilia kwa koleo, kamba au vishikizo vya meza, weka mkono, angalia, toa mkono, ndipo picha, na radiografa abane kolimeta (kifaa kinachopunguza upana wa miale) hadi vidole vikae nje ya mraba.

Glavu za risasi ni jambo watu wanaloelewa kinyume. Zinasaidia mkono ulio nje ya miale. Zikiingia ndani, mashine inaziona kama kizuizi na kupandisha nguvu, kwa hiyo mkono unapata mionzi mingi kuliko ulivyotaka, na mgonjwa pia. Wanaovaa glavu huwa na ujasiri zaidi wa kuingiza mkono. Kwa maoni yangu, kwa kazi za mifupa fedha hizo ziende kwenye vishikizo.

Kidonda cha kidole kisichopona, wekundu unaorudi mahali pamoja, kucha zenye mistari ya kahawia: acha kazi za mionzi hadi daktari wa ngozi akuone. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akijaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa kwa saratani. Ndiye kati ya watu wa kwanza wanaojulikana kuuawa na kazi hii.

Kazi ni ileile, ila namba za mashine mwisho wa kazi zimepanda

Namba ya mionzi aliyopata mgonjwa, inayotokea kwenye skrini mwisho wa kazi, ndiyo kipimo cha mapema kuliko beji zote. Mgonjwa akipata mara mbili, nawe umepata karibu mara mbili, siku ileile.

Anza na mambo ya kubonyeza. Mapigo ya mashine yako mangapi kwa sekunde? Ikiachwa 30 na kazi inaendeka kwa 15, au kwa 7.5, unapoteza bure. Haishuki nusu kwa nusu, maana mashine nyingi huongeza nguvu ya kila pigo, lakini inashuka. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, mashine nyingine huamka na mipangilio ya kiwandani, na hapo 30 inarudi kimyakimya. Iangalie kila asubuhi na kila baada ya umeme kurudi.

Je, ukuzaji wa picha umeachwa? Kila ngazi inapandisha mionzi. Kuza pale waya unapopita mahali pembamba, kisha rudi. Kolimeta imefunguka yote? Ibane, picha nayo inatakata, kwa sababu mtawanyiko ule ule unaokufikia ndio unaoifanya iwe na ukungu. Kipokezi kiko mbali na mgonjwa? Kishushe hadi kimkaribie, na meza ipandishwe ili tyubu iwe mbali naye. Hili la mwisho lina utata wa vimo. Daktari mfupi anashusha meza ili mikono yake ipumzike, na mgonjwa anasogea kwenye tyubu. Mpe kijukwaa cha kusimamia.

Kisha mazoea ya mguu. Kanyaga, ona, achia. Picha ya mwisho inabaki kwenye skrini. Ijadili hiyo, si ile inayowaka. Na usirekodi filamu ya kasi pale ambapo kuhifadhi picha ya kawaida kunatosha, kwani kurekodi kunatoa mionzi mara kumi au zaidi. King'ora kinacholia kila dakika 5 za mionzi si kelele ya kuzimwa bila kutazamwa. Mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo aseme kwa sauti: "Daktari, dakika kumi." Inatosha.

Mgonjwa mnene na pembe kali ni sababu za kweli, hazina dawa ya kubonyeza. Kila sentimita 3 za ziada za mwili zinakaribia kuongeza maradufu mionzi inayotakiwa ngozini. Siku hiyo rudi nyuma, kaza kinga, gawa kazi ikiwezekana.

Ukimaliza haya yote na namba hazijashuka, mashine yenyewe imechoka. Zile za zamani zenye tyubu ya kukuza mwanga hufifia kwa miaka, nazo hufidia kwa kuongeza mionzi, na picha hubaki nzuri hadi mwisho, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Hapo si kazi yako tena. Mwanafizikia wa tiba apime kiwango cha mionzi kinachotoka na cha kwenye kipokezi, na fundi wa mashine arekebishe.

Muuguzi au wa nusukaputi anapata kuliko daktari

Inawezekana kabisa, na huwa haiaminiwi. Daktari ana kioo, pazia na meza mbele yake. Wa nusukaputi yuko kichwani mwa mgonjwa, tyubu ya ubavuni imemwelekea, na mbele yake pana pumzi ya mgonjwa tu. Sababu ya kwanza ni kutokuwa na ubao wa risasi wa magurudumu. Mara nyingi upo, umewekwa kwenye korido na kutundikwa makoti. Uingizeni.

Ya pili ni picha kupigwa bila kuambiwa. Mwenye pedali aseme "Picha!" kabla ya kukanyaga, hasa kabla ya kurekodi, na aliyeinama kurekebisha dripu apewe muda wa kurudi nyuma. Sista mgeni hawezi kumwamuru daktari mkuu asubiri, kwa hiyo utaratibu huu utoke kwa daktari mwenyewe, kazi ya kwanza ya asubuhi. Ya tatu ni kusukuma dawa ya kuonyesha mishipa kwa mkono, umesimama kando ya mgonjwa: tumia mrija mrefu au pampu. Ya nne, pazia la meza. Chuchumaa uangalie. Mahali pengi limefungwa juu kwa bendeji lisikwame kwenye mkono wa C-arm, na miguu ya wote waliopo inakula mionzi.

Hospitali ikiwa na vipimo vya papo hapo vinavyoonyesha kila mtu kwenye skrini, vitumie kwa wiki moja. Ubishi wa nani anapata nini utaisha wenyewe.

Mgongo na mabega

Aproni nzito, zamu ndefu, kiyoyozi kimekufa: mtu anaifungua kidogo apumue, na papo hapo kinga imekwisha. Ya vipande viwili, fulana na sketi, inapeleka uzito nyongani. Mkanda ukazwe. Nyepesi zisizo na risasi zinafaa, ila soma lebo inasema nini kwa nguvu ya mashine mnayotumia. "Nyepesi" nyingine ni nyembamba tu. Ganzi ya mkono au mguu, au maumivu yanayoshuka mguuni, si ya kuvumilia, nenda kwa daktari.

Nina mimba

Sema mapema, kwa maandishi, kwa mkubwa wako na afisa wa usalama. Pendekezo la ICRP ni kwamba tangu utangaze, mtoto asipate zaidi ya milisieverti 1 kwa muda uliobaki. Unaongezewa beji tumboni chini ya aproni, inayosomwa kila mwezi, na kazi yako inapitiwa upya. Wengi wanaendelea kufanya kazi salama, wengine huhamishwa. Usijipangie mwenyewe kwa kuvaa aproni mbili, maana mgongo wa mjamzito una kazi yake tayari.

Nani wa kumwita

Kipimo kisichoelezeka, beji iliyopotea, aproni yenye ufa: afisa wa usalama wa mionzi wa hospitali. Namba za mashine zisizoshuka, au chumba kilichojengwa upya na hamjui kama kuta zinatosha: mwanafizikia wa tiba. Pedali, breki za C-arm, taa ya mlangoni isiyowaka mionzi inapowaka: fundi aliyeidhinishwa. Mtu aliyepita kikomo cha mwaka, au ajali: afisa wa usalama anawajibika kuipeleka kwa KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia nchini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 na kuchukua kazi ya iliyokuwa Bodi ya Kinga ya Mionzi. Ukiona haipelekwi, unaweza kuwaandikia mwenyewe.

Kabla hujampigia fundi, andika: modeli na namba ya mashine, mapigo kwa sekunde, ukuzaji, nguvu iliyoonyeshwa kwenye skrini, sehemu ya mwili, mgonjwa mnene au mwembamba, na kama umeme ulikatika siku hiyo. Piga picha ya skrini kwa simu, jina la mgonjwa lisionekane. Fundi akitoka Nairobi bila habari hizi, siku ya kwanza yote itaishia kuuliza maswali.